Amri ya Mtani

Mwanne Selemani alirefuka mapema, tena bila kumwomba mtu ruhusa. Akiwa darasa la tano alikwisha kumpita mwalimu wake wa hesabu, na mtaa mzima wa Chemchem ukawa unamtuma kuangua vitu vilivyonasa juu ya mapaa: kandambili, mpira wa makaratasi, na siku moja jogoo wa jirani aliyejidhania tai. Baba yake, Mzee Selemani, fundi wa masanduku ya bati, aliwaambia wateja kwamba atakayetaka kumuoa binti huyu aje kwanza na ngazi, habari za mahari baadaye. Watu walicheka, Mwanne akacheka kuliko wote, kisha akaenda zake kucheza.

Sekondari walimtia kwenye netiboli, na netiboli ikamchosha upesi. Unaudaka mpira, unasimama kama mlingoti, huruhusiwi kwenda popote! Mchezo gani huo wa kuganda? Siku mwalimu wa michezo alipompa mpira wa kikapu na kumwambia adunde aende nao anakotaka, Mwanne alitoka mbio toka ubao mmoja hadi mwingine, akafunga, akarudi anacheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu njiani. Mwalimu alikwenda moja kwa moja kumtafutia viatu, na kazi aliipata, maana miguu yenyewe haikuwa ya duka la kawaida.

Chuoni, Dar es Salaam, ndiko alikoiva. Alisomea biashara, na masomo hakuyatupa, lakini tuseme ukweli: hakuna aliyekwenda pale kumwangalia akifanya mtihani. Timu ya chuo ilikuwa haijawahi kuleta nyumbani hata kikombe cha chai. Mwanne alipofika, wakatwaa ubingwa wa vyuo, wakautetea, wakautetea tena. Akipokea mpira chini ya ubao, jukwaa zima lilisimama na kupiga kelele, "Treni hiyo! Pisha reli!" Walimwita Treni kwa sababu ametoka Tabora, njia za reli zinakokutana, na pia kwa sababu akishaanza kukimbia hakuna aliyejua breki zake ziko wapi.

Aliyekuwa akimpa mipira hiyo alikuwa msichana mfupi kutoka Kisarawe, mwenye macho mepesi na ulimi mwepesi zaidi. Jina lake Zuwena, Mzaramo. Hapo ndipo ilipo hadithi yenyewe, kwa hiyo nitasimama kidogo, kwa ajili ya wale waliokulia mahali pasipo na raha.

Wanyamwezi, kabila la Mwanne, na Wazaramo ni watani. Zamani za misafara, wapagazi waliotoka Unyamwezi na meno ya tembo mabegani waliishia pwani kwenye ardhi ya Wazaramo, na kwa kukaa pamoja, kula pamoja na kuzikana, wakafika mahali ambapo kutukanana kukawa ndiyo heshima. Mpaka leo Mzaramo anaweza kukukuta kwenye msiba wako mwenyewe akakunyang'anya kofia, akaivaa, akadai wewe ndiye uliyemuua marehemu kwa uchoyo. Utacheka. Ukikasirika, watu watakushangaa wewe, si yeye.

Basi Zuwena alikuwa akipanda na mpira huku akipaza sauti uwanja mzima, "Mpagazi! Beba mzigo huo!" na Mwanne anaudaka, anafunga, anarudi akimwambia, "Mla nazi, ukinenepa nitakudunda wewe." Waamuzi waliotoka mikoa mingine walidhani wasichana hawa wamegombania mwanamume.

Kwenye fainali ya mwaka wa mwisho palikuwa na mzee mmoja wa Tabora, Bwana Hamoud, Mwarabu wa ukoo wa wafanyabiashara waliokaa mjini pale kwa vizazi. Alikwenda Dar kuuza asali akaishia uwanjani. Siku hiyo Mwanne alifunga mpaka msoma matokeo akapoteza hesabu na kuomba radhi kwenye kipaza sauti. Mechi ilipokwisha, Bwana Hamoud alimfuata, machozi yakimlengalenga, akamwambia, "Binti yangu, wewe wa kwetu. Rudi nyumbani. Kazi ninayo."

Tabora ilimpokea kwa vigelegele. Kampuni ya Asali ya Hamoud ikampa meza karibu na dirisha, kiti cha kuzunguka na cheo cha Afisa Uhusiano. Uhusiano wa nini na nini, hakuna aliyejua, na aliyethubutu kuuliza aliambiwa asilete fitina. Kila mwaka kulikuwa na bonanza la makampuni ya kanda, na kampuni hii ndogo ya kuuza asali ikawa inawatwanga watu wa tumbaku, watu wa mabenki, na yeyote aliyejitokeza. Makombe yakajaa kabatini. Kazi ya Mwanne ilikuwa kufika asubuhi, kunywa chai, kuwatembeza wageni mbele ya kabati, na jioni kwenda mazoezini.

Miaka ya mwanzo aliona raha. Nani asingeona? Lakini raha ya kukaa ina mwisho wake. Dirishani aliwaona wenzake wakipokea mapipa, wakichuja, wakibishana na madereva, wakitoka jioni nguo zimenata na viuno vinauma, na aliwaonea wivu hata huo uchovu wao. Akaanza kupenya kwenye chumba cha vipimo. Mafundi walimzoea, wakamfundisha: namna ya kunusa moshi ulioingia kwenye asali wakati wa kurina, namna ya kuijua asali ya sega lililoiva na ya sega lililoharakishwa, namna ya kudondosha tone kwenye kioo cha kipima maji na kuchungulia mpaka uone mstari unaotaja maji ni asilimia ngapi. Zikipita siku bila kuchungulia, alijisikia kama amenyimwa chakula.

Mara kwa mara alimwendea Bwana Hamoud. "Baba, nipe kazi."

"Kazi?" Mzee alishangaa kwa moyo safi kabisa. "Mwanangu, kazi yako si kombe? Ukishika ndoo wewe, nani atanifungia?"

Wakati huo goti la kulia lilikwisha kuanza kulia kama bawaba. Mwanne alikuwa ametimiza miaka thelathini na mitano, na alijua vizuri mambo yanavyokwenda: mpira ukiisha, meza ya dirishani haitakuwa na sababu, na yeye hatakuwa na sababu. Hakuogopa kukosa chakula, kwao kuna chakula. Aliogopa kwamba katika maisha yake yote hakuna mtu atakayekuwa amempa kazi kwa sababu anaiweza. Alitaka hiyo moja, kabla goti halijamsaliti mbele ya watu. Hakumwambia mtu, maana angechekwa. Mwanamke mwenye kiti cha kuzunguka analilia ndoo!

Kisha Bwana Hamoud akachoka, akaamua kukaa nyumbani na wajukuu, akaajiri meneja kutoka Dar es Salaam. Gari likaingia uani, mlango ukafunguliwa, akashuka mwanamke mfupi mwenye macho mepesi. Akawatazama wafanyakazi wote waliopanga mstari wa kumpokea, akasema kwa sauti kubwa:

"Nasikia kuna mpagazi mmoja alinitoroka Dar na mzigo wangu. Nimekuja kumchukua."

Wafanyakazi wakashikwa na butwaa. Mwanne akatoka mstarini.

"Mzaramo! Umefuata nini bara? Ngoma zimekatazwa kwenu, au minazi imewakimbia?"

Wakakumbatiana pale pale, mmoja kichwa chake kikiishia kifuani kwa mwenzake, wakicheka mpaka wakashindwa kuachana. Kuanzia siku hiyo ofisi haikuwa na usingizi. Zuwena alikuwa akipita meza ya dirishani na kutangaza amri mpya kila siku. "Mwanne, nimekuuza Bagamoyo, wanakuja kesho." "Mwanne, kuanzia leo wewe ndiye mbwa wa getini, jifunze kubweka." "Mwanne, nimekupandisha cheo, utakaa juu ya paa uvute umeme." Naye Mwanne alibweka, aliagana na watu, alitishia kumfungia meneja kwenye droo ya meza. Kicheko kiliwafanya watu wafike kazini mapema.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Tena usimlaumu Mwanne upesi, maana hata wewe, kama kwenu kuna watani, ungelifanya.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa sita, ule wakati wa vumbi na baridi ya asubuhi ambapo warina asali wanarudi kutoka misituni na ndoo zao. Zuwena alikuwa anaondoka kwenda Bukene kutafuta nyumba ya kupanga kwa ajili ya kituo kingine cha kununulia asali. Kampuni ilikuwa ndogo na maagizo yalitolewa pale pale uani, kwa mdomo. Injini ikiwa imekwisha kuwaka, akatoa kichwa dirishani.

"We mpagazi! Jumatatu tunafungua kituo cha Urambo. Msimamizi ni wewe. Utapima, utakataa, utakubali, neno lako ndilo la mwisho. Ukichelewa nakunyoa!"

Watu uani wakaanza kucheka kabla hajamaliza. Mwanne akapiga saluti.

"Nimesikia, Sultani wa Kisarawe! Nitakwenda nikiwa nimekubeba mgongoni!"

"Haya, vizuri," akajibu Zuwena, na gari likaondoka.

Mwanne alirudi mezani anatabasamu. Tabasamu hilo lakini lilikaa vibaya usoni, kwa sababu katika utani wote wa Zuwena huu ndio wa kwanza uliomchoma. Msimamizi wa kituo! Kupima, kukataa, kukubali! Jioni ile, akimsaidia baba yake kukunja bati, alijikuta akikunja kwa hasira mpaka mzee akamwuliza bati limemkosea nini.

Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye kiti cha kuzunguka, maandazi mkononi, simu ilipolia. Alikuwa Ambrosi, dereva wa lori la kampuni.

"Bosi, uko wapi?"

"Bosi nani?"

"Wewe. Niko Urambo tangu alfajiri na mizani nimekwisha kuishusha. Watu wamejaa hapa mpaka barabarani. Wanauliza msimamizi, nami nawaambia anakuja. Unakuja?"

Mwanne akaangua kicheko. "Hata wewe, Ambrosi! Zuwena kakuhonga nini?"

"Dada Mwanne," Ambrosi akasema polepole, "mimi Mchaga. Watani wangu ni Wapare. Mimi na wewe hatuna utani."

Andazi lilibaki hewani. Ilikuwa kweli. Alikuwa amepewa, hadharani, watu wakishuhudia, kitu kile alichokuwa akikililia miaka yote hiyo, naye akapiga saluti akacheka. Akalia papo hapo, kisha akajitukana kwa kulia, kisha akakimbilia chumba cha vipimo, akanyakua kipima maji, akatoka.

Alikuwa na pikipiki ya Kichina ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa kimo chake. Akipanda, magoti yalifika usawa wa mikono na watoto walimshangilia. Leo hawakupata hata muda wa kushangilia. Alishika barabara ya magharibi, ile ile ya kwenda Ujiji ambayo mababu zake waliipita kwa miguu, akayaacha nyuma mabani ya kukaushia tumbaku, akapita Usoke bila kuangalia pembeni, vumbi la malori likimjaa mdomoni. Goti lilipiga kelele. Akaliambia linyamaze, leo si siku yake.

Alipofika Urambo jua lilikuwa utosini. Palikuwa na banda la bati, mizani kubwa ya kusimama, Ambrosi aliyekonda kwa wasiwasi, na wanaume kwa wanawake zaidi ya alivyotazamia, kila mmoja na ndoo zake miguuni. Mbaya zaidi, upande wa pili wa barabara kulikuwa na lori jingine. Mnunuzi wa kutoka mbali alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori lake, akimnyooshea kila mtu kidole cha kumwita, na ndoo kadhaa zilikwisha kuvuka barabara.

Mwanne akashusha miguu, akajikung'uta, akawasalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka!"

"Hiyo ni salamu ya asubuhi," akajibu mwanamume mmoja mwenye mabega mapana, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi. "Asubuhi sisi tulikuwa hapa. Wewe hatukukuona."

Aliitwa Yoramu, kiongozi wa kikundi cha warina asali, na hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikuwa amekaa msituni majuma, amelala na nyuki, amekula moshi, na sasa asali yake ilikuwa juani ikimngoja mwanamke anayeendesha pikipiki kama panzi.

Mwanne angeweza kusema gurudumu limepasuka. Wengi tungesema hivyo. Lakini alikuwa amechoka, amelia, na uongo unahitaji nguvu.

"Ndugu zangu, niliambiwa Ijumaa nije," akasema. "Aliyeniambia ni meneja wangu, na meneja wangu ni Mzaramo. Alinitajia Urambo na kuninyoa kwa pumzi moja. Nikadhani utani. Leo nilikuwa nimekaa mezani nakula maandazi."

Mama mmoja mwenye kitenge cha njano, Bi Najiat, akatoa sauti kama ya sufuria inayochemka, akashindwa kujizuia, akakaa juu ya ndoo yake na kucheka mpaka akajifuta macho. "Mzaramo!" akasema. "Kamwambia Mzaramo! Jamani, nani angekuja?" Na banda lote likalipuka. Mmoja alikumbuka mjomba wake aliyeambiwa na mtani kwamba nyumba yake inaungua, akaendelea kula ugali mpaka moshi ukamfuata. Mwingine alisema yeye angekaa nyumbani mwezi mzima. Kila mtu pale alimsamehe, kwa sababu kila mtu pale alijua kwamba angefanya kosa hilo hilo.

Yoramu peke yake hakucheka. "Nimesikia," akasema. "Sasa pima." Akaweka ndoo yake mbele, ya kwanza kabisa.

Mwanne akafungua kifuniko. Akanusa. Akachota kidogo kwa kijiti, akadondosha tone kwenye kioo, akageukia mwanga, akachungulia. Akafuta, akarudia. Mstari ulikuwa umekaa mahali pabaya.

"Kaka Yoramu," akasema taratibu, "asali hii ina maji mengi. Ilirinwa kabla nyuki hawajaziba masega. Itachacha. Siwezi kuipokea."

Ambrosi akaangalia angani kama mtu anayesali. Yoramu alimtazama Mwanne juu mpaka chini, safari ndefu hiyo, akafunika ndoo, akaibeba, akavuka barabara kwenda kwenye lori la pili. Macho yote yakavuka naye. Mikono ikaanza kutafuta vishikio vya ndoo.

Mwanne alijua kwamba kituo kimekufa siku ile ile kilipozaliwa. Alijua pia kwamba hata siku ile ikirudiwa mara kumi, ndoo ile angeikataa mara kumi.

"Ndoo inayofuata," akaita.

Bi Najiat akasukuma yake kwa mguu. Mwanne akapima, na uso ukamchanua wenyewe. "Mama, hii umeitoa wapi? Hii ni nzito, haina hata harufu ya moshi!" Akampa kijiti aonje mwenyewe, na mama yule, aliyekuwa ameishi na asali maisha yake yote bila mtu kumwambia neno, akaonja ya kwake kama ndiyo kwanza anakutana nayo.

Ndoo ilikuwa bado iko kwenye mizani Yoramu aliporudi. Mkono mtupu.

"Kaichukua," akatangaza, amekunja uso. "Yule bwana kaichukua ndoo yangu. Hata kifuniko hakufungua." Akavua kofia, akaivaa tena. "Mimi nilijua asali ile mbichi. Nilikuwa na haraka, moto wa msituni ulinitisha. Sasa mtu asiyeiangalia asali yangu mbaya, nzuri yangu ataiangalia saa ngapi?" Akawageukia wenzake. "Mimi nimeleta ndoo nyingine, na hizo nimezifanyia kazi. Nataka ziangaliwe." Akazileta zote chini ya banda, akaenda kusimama mwisho wa foleni kama mtu mwingine yeyote.

Walioanza kuvuka barabara wakarudi. Kazi ikaanza kweli kweli. Mwanne alipima, alikataa, alikubali, alieleza, alibishana na mzee mmoja mpaka wakachekana, mikono ikamnata hadi kwenye viwiko, kiuno kikamuuma, na furaha ikamjaa kifuani mpaka akaona haya kuionyesha.

Mchana ulipoanza kupoa, kijana wa kupakia mizigo wa lile lori la pili, ambaye hakuwa na kazi tena, alivuka kuja kutazama. Akamkodolea macho. "Dada, samahani. Wewe si Mwanne? Mwanne Treni?" Akawageukia watu. "Jamani, mnajua huyu ni nani? Huyu alikuwa moto wa kuotea mbali! Kikapu! Dar nzima ilisimama!"

"Kikapu cha nini?" akauliza Yoramu.

"Mpira wa kikapu! Humjui?"

"Mpira siujui," Yoramu akasema, akisogeza ndoo yake. "Mimi namjua huyu anayekataa asali."

Mwanne aliinama haraka kwenye kipima maji chake. Hakuna kombe kabatini lililowahi kumfikia mahali pale lilipomfikia neno hilo.

Hapo ndipo gari la kampuni lilipoingia na breki za kuparuza. Zuwena akashuka, macho yamewaka. Ambrosi alikuwa amempigia simu asubuhi, na meneja alikuwa ameendesha toka Bukene akitunga njia nzima maneno ya kumfukuzia mtu kazi.

"Mwanne! Yaani nakupa kituo, wewe unakula maandazi?"

Hakumaliza. "Huyo ndiye Mzaramo?" Bi Najiat akauliza kwa sauti ya juu. Na kabla meneja hajajibu, wanawake wa Urambo walikwisha kumzunguka. Mmoja kamvua kiatu, mwingine kachukua mkoba, na wawili wenye mikono ya kubeba mizinga wakamnyanyua mzima mzima wakamsimamisha juu ya mizani.

"Mpimeni! Tujue pwani wametuletea kilo ngapi!"

"Mpimeni na maji! Huyu mbichi, karinwa kabla ya wakati!"

Mwanne, kwa heshima zote za kazi, akachota tone la jasho kwenye paji la uso la meneja wake, akaliweka kwenye kioo, akachungulia, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Sipokei," akasema. Watu walianguka chini kwa kicheko. Zuwena alijitahidi kukasirika, akafika nusu, akashindwa. Hasira zote za njia ya Bukene zikatoka kwa kicheko mpaka mizani ikatikisika.

"Haya, faini yangu nini?" akauliza, akipangusa macho. "Semeni nikomboe kiatu."

Alijibu Yoramu, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anatabasamu. "Umemchanganya mtoto wetu kwa utani. Sasa mwambie bila utani. Mbele yetu, tusikie."

"Rahisi hiyo. Mpagazi, wewe ndiye..."

"Utani huo!" wakapiga kelele.

"Basi, basi. We twiga, kuanzia leo..."

"Bado!"

Zuwena akaonekana kugundua kitu ambacho hakuwahi kukifikiria: kwamba katika miaka yote waliyojuana hakuwahi kumwambia mwenzake huyu neno moja lisilo na utani ndani yake, na kwamba hajui linaanzia wapi. Akashuka kwenye mizani. Akaomba kiatu chake, akapewa, akakivaa. Akajifunga mtandio vizuri, akasimama mbele ya Mwanne, akainua uso ili amtazame machoni.

"Bi Mwanne Selemani," akasema.

Mwanne alikwisha kuitwa na majukwaa mazima, lakini hivi hakuwahi kuitwa.

"Kituo hiki ni chako. Sikukupa kwa sababu ya mpira, mpira tulicheza, tukafurahi, umekwisha. Tangu nifike Tabora nakuona ukiingia chumba cha vipimo, unajifungia, unadhani sikuoni. Niliwauliza mafundi. Wakaniambia katika kampuni nzima hakuna jicho kama lako. Ndiyo maana. Na nilipaswa kukuita ofisini nikakuambia nikiwa nimekaa. Nilikosea. Nisamehe."

Mwanne akageukia mizani. Akaifungua ndoo ya Yoramu, ambayo zamu yake ilikuwa imefika, akadondosha tone, akachungulia, na mstari ukawa haukamatiki, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa. Akampa Zuwena kipima maji.

"Nisomee," akasema.

Zuwena akachungulia, jicho moja amelifumba. "Kumi na saba na nusu."

"Nzuri," akasema Mwanne, akijipangusa kwa kiwiko kinachonata. "Nimeipokea. Pakia."

Na meneja akainama, akaibeba ndoo kwa mikono miwili, akaipeleka kwenye lori.